Ng'ombe, Sufuria na Bustani ya Amani

Baba mkwe wangu alizungumza nami kwa kumsemesha ng'ombe. Alikuwa akikamua nyuma ya ukuta wa mianzi wa jiko letu, na siku ya kwanza nilipomsikia nilidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa.

"Gwe ng'ombe," alisema, "nasikia mwalimu wetu ni mtu wa Muheza. Muulize, Amani anapajua?"

Nilimtazama wifi yangu Tupokigwe, aliyekuwa akimenya ndizi. Akacheka bila sauti na kunionyesha sufuria kwa kidole. Nikaelewa. Nikainama juu ya maharage nikasema, "Sufuria, mwambie napajua. Ni ile milima tunayoiona kutoka kwetu."

Upande wa pili nikasikia maziwa yakianza tena kuchirizika ndooni.

Kwa Wanyakyusa wa rika lake, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akija njiani, mimi niliingia migombani na kumpa mgongo mpaka kikohozi chake kipite. Jina lake, Ambindwile, halikutakiwa kutoka kinywani mwangu. Vijana wengi pale Kinyala walikuwa wameshaiacha desturi hiyo, na kanisani hakuna aliyeidai, lakini mzee aliishika, na mimi mgeni sikutaka kuwa wa kwanza kumvunjia heshima. Kanisani alikaa benchi la mbele, mimi la nyuma kabisa. Nilikuwa nimeishi miaka mitatu katika boma lake bila kuuona uso wake. Nilijua kofia tu, mabuti ya mpira na sauti.

Nilikuwa mpweke, na sioni sababu ya kulizungukazunguka neno hilo. Serikali ilinipangia kufundisha huku, nikaolewa huku, na mume wangu Asajile akawa mtu wa mpakani. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Tukuyu, yaliyokuwa na rafu tupu na viberiti, yalijaa sabuni na vitenge kutoka Malawi, na kila mwenye miguu miwili alijiita mfanyabiashara. Asajile alirudi na zawadi, akalala usiku mmoja, akaondoka. Ofisini walimu wenzangu walianza maongezi kwa Kiswahili kwa ajili yangu, na chai ikishakolea wakahamia Kinyakyusa bila kujijua. Tupokigwe naye akaolewa Isongole. Mvua ikabaki na mimi, na mvua ya Rungwe haina adabu ya kuondoka mgeni anapochoka. Zilikuwepo siku ambazo, ukiacha wanafunzi, hakuna kiumbe aliyeniuliza chochote isipokuwa ng'ombe yule.

Kwa njia yake nilizijua habari za mzee. Ujanani alikwenda kukata mkonge Tanga, joto likamshinda, homa zikamwandama. Mtu akamwambia kuna mahali mlimani kuna baridi kama kwao. Ndivyo alivyofika bustani ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani na wakati huo ikiwa mikononi mwa Waingereza, mahali palipopandwa miti ya dunia nzima, kila mmoja na kibati chake cha jina. Akapona, akawekwa kwenye vitalu vya miche. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuhamishia mstari wa miche kando ya njia, miti ambayo jani lake ukilisugua linanuka kama dawa ya kifua. Jioni ile ile ikamfikia habari kwamba baba yake amefariki. Alfajiri akaondoka, wala hakurudi tena.

"Ng'ombe, sijui kama ilishika," alisema. "Mche ukihamishwa unaweza kusimama wiki nzima kumbe umeshakufa. Mimi niliondoka kesho yake."

Nilijibu kabla sijafikiri. "Sufuria, mwambie likizo ya Desemba nakwenda nyumbani. Kama anataka, twende akaangalie."

Aliendelea kukamua mpaka maharage yakakauka. Kisha akasema ng'ombe wake angependa kujua tutasafirije.

Hapo ndipo maisha yangu yalipopata ladha. Jioni baada ya jioni tulipanga safari ambayo watu wawili wasioruhusiwa kuonana wangesafiri pamoja. Yeye angekaa kiti cha mbele karibu na dereva, mimi kiti cha mwisho. Lakini basi lina mlango mmoja! Basi, yeye apande wa kwanza na kushuka wa mwisho, macho dirishani. Dar es Salaam tungelala kwa shangazi yangu mwenye vyumba viwili. Muheza mimi ningelala nyumbani kwetu, yeye kwa mchungaji. Kule bustanini angetangulia yeye, mimi nimfuate kwa umbali wa kona moja ya njia, na akifika kwenye miti yake angegonga shina kwa fimbo ili nijue ndiyo hiyo.

"Na asipoikuta?" niliiuliza sufuria.

"Gwe ng'ombe, mwambie nitakaa chini kidogo, kisha nitarudi kwangu."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, moshi ukapata lawama.

Novemba Asajile alirudi na gari, pikapu ya Toyota iliyotumika, na nyumba yote ikanuka petroli na furaha yake. Jioni alisimama mlangoni mwa jiko akatusikia. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Hakuwa mtu mbaya, Asajile. Alitupenda wote wawili, na alidhani anachokiona ni ukuta tu unaotutenga.

Kesho yake aliniita nilete chai sebuleni, kuna mgeni. Niliingia na sinia. Mgeni alikuwa mzee wa umbo dogo, mdogo kuliko sauti yake, amekaa kwenye ukingo wa kochi jipya. Jicho moja lilikuwa na utando. Nililitambua buti kabla sijamtambua mtu. Akainua mkono kutafuta kofia ajifunike, lakini Asajile alikuwa ameshaitundika ukutani.

"Mambo ya zamani hayo, baba," alisema mume wangu kwa upole. "Siku hizi ruksa. Huyu ni binti yako. Na Amani nitawapeleka mwenyewe kwa gari, mkae mbele wote."

Mzee alinitazama, nadhani kwa sababu hakujua aweke wapi macho. "Ndaga, mwana," alinishukuru, akapokea kikombe. Aliinywa chai yote, kama mtu anayemaliza dawa.

Kuanzia siku hiyo alikula mezani kwetu. Tuliongea kuhusu mvua, na bei ya chai, na mvua. Jioni nilisubiri jikoni. Nilisikia maziwa yakichirizika, basi. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Sufuria," nilisema, "mwambie Desemba imefika."

Maziwa yakakoma. Akachungulia mlangoni, kofia mkononi, mwenye heshima zake zote.

"Unasema na mimi, mwana?"

Nikasema hapana, baba. Ni maharage tu.

Alituambia miguu imechoka, safari ingoje. Asajile akasema hakuna shida, mwakani. Mzee Ambindwile alifariki majira ya baridi ya mwaka wa pili. Nililia kuliko binti zake, na watu wa Kinyala walinisifu kwa hilo, wakidhani nimejifunza kulia kama wao.

Bustani nilifika miaka mingi baadaye, peke yangu, nilipokwenda Muheza kumzika mama. Nilipanda gari la asubuhi na kukaa kiti cha mwisho, ingawa mbele kulikuwa wazi. Kijana wa getini alitaka kunitembeza, nikamwambia naijua njia. Vibati vingi vilikuwa vimekula kutu. Nilikwenda nikivunja jani hapa, jani pale, nikinusa, mpaka penye kona moja harufu ya dawa ya kifua ikanijaa puani.

Miti ilikuwa mstari mmoja, kando ya njia, mikubwa kiasi kwamba mikono yangu haikufika nusu ya shina.

Niliokota kijiti nikagonga. Kisha nikazunguka upande wa pili, nikaupa mti mgongo. Sufuria sikuwa nayo, nilikuwa na mkoba tu.

"Mkoba," nilisema, "mwambie baba ilishika."

Nikangoja kidogo, kwa mazoea, halafu nikateremka kuwahi gari la Muheza.