Kijiti chenye Karatasi Nyekundu

Mama Augustine alimchukia Bijou tangu siku ya kwanza, wala hakuona sababu ya kuficha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; huyu alikuja ili mwenyeji augue. Mke wa mwanajeshi, anatoka upande wa baze ya jeshi ya Kamina kwa baiskeli, fulana ya mradi mwilini na daftari mkononi, anaingia kijijini na kuanza kuhesabu vyoo vya watu. Watu wazima wenye wajukuu aliwapanga mstari, akawaonyesha namna ya kunawa mikono, kidole kwa kidole.

Na tuseme ukweli, mafundisho yenyewe hayakuwa mabaya. Tangu pompi ya mradi ianze kutoa maji safi, watoto hawakuharisha tena kama zamani. Nyembo, mjukuu wa Augustine, ambaye mwaka uliopita alibaki macho na mbavu, sasa alikuwa anakimbiza kuku uwanjani. Augustine aliyaona hayo. Alinawa kwa majivu kabla ya kugusa ugali wa bukari, na mtungi wa maji ya kunywa aliufunika. Kilichomshinda kilikuwa kimoja tu: kuingia choo cha Kapenda.

Kapenda alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake Christelle. Augustine alihamia kwao baada ya kufiwa na mumewe. Kapenda alikuwa mtu mwema. Alichimba choo kirefu, akakiwekea bamba la saruji lililoletwa na mradi, akakifunika kwa kifuniko cha mbao, na kando ya mlango akatundika kibidoni cha kunawia. Lakini kwa Waluba kuna buko, ile heshima ya mtu na mama mkwe wake. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani ampishe mwenzake. Sasa watu wasioweza hata kula sahani moja, wakae juu ya tundu moja? Wapishane mlangoni, huyu akitoka na yule akiingia? Augustine aliona afadhali kufa. Kwa hiyo kila alfajiri alichukua jembe, akaenda majanini nyuma ya shamba la mihogo, akafukia. Mara nyingine mvua ilifukua.

Mtu angeuliza, si achimbiwe chake? Achimbiwe na nani? Wanawe wawili wako Kolwezi kwenye mashimo ya madini, hata simu hawapigi. Kapenda hawezi, maana mwanamume kumchimbia mama mkwe choo ni kutaja hadharani jambo ambalo haruhusiwi hata kulifikiria. Jirani naye akichimba, anamtangaza Kapenda kuwa hana haya. Christelle alikuwa na mimba ya miezi minane. Augustine mwenyewe nyonga ilikuwa imekwisha, akiinama na sururu hainuki.

Na mambo hayo hayaelezwi kwa mgeni. Buko ukiieleza, umekwisha kuivunja. Wanawake wa kijiji walijua sababu, wakanyamaza wote, na Bijou akadhani kimya kile ni ukaidi wa washamba.

Basi Jumatatu ile aliamua kuwatia aibu. Ukaguzi wa mradi ulikuwa Ijumaa, na alitaka kijiji chake kisomwe miongoni mwa vijiji safi. Aliwakusanya watu wote, wanaume kwa wanawake, akawazungusha nyuma ya nyumba na fungu la vijiti vyenye karatasi nyekundu. Penye uchafu alichomeka kijiti. Watu walicheka kwa jirani na kununa kwao. Walipofika nyuma ya mihogo ya Kapenda, Bijou alisimama.

"Hii mavi iko ya nani?"

Wanawake walitazama miguu yao.

"Papa Kapenda, iko ya weye?"

Kapenda alivua kofia, akaiangalia, akaivaa tena. Kisha akageuka akaondoka.

"Basi iko ya mama mukwe yake," Bijou alisema, akachomeka kijiti na kuandika daftarini. "Inzi inatoka hapa, inaenda ku bukari ya batoto benu. Kila siku munakula mavi ya Mama Augustine. Munasikia?"

Walisikia. Augustine pia alisikia, amesimama pale pale katikati ya watu aliowasaidia kuzaa na kuzika. Angekuwa na miaka ishirini pungufu angemrukia yule mwanamke na kumng'oa nywele zake za kubandika.

Jioni alikuja Zébédée, mwenye ufunguo wa pompi. Hakuingia ndani, alisemea mlangoni.

"Komite ya maji imekata maneno. Nyumba yenye iko na muntu wa mu majani, haichote maji. Mpaka anaingia mu musalani kama bengine."

"Na batoto banakunywa nini?" Christelle aliuliza.

"Mulize mama yako."

Kapenda hakurudi nyumbani usiku huo, wala uliofuata. Alijificha kwa kaka yake kwa haya, utadhani mwenye kosa ni yeye. Christelle, tumbo mbele, alirudia kuchota bondeni kwenye kile kidimbwi cha zamani walikokunywa na mbuzi. Kuni za kuchemshia zilikuwa mbichi, maji mengine yalinywewa vuguvugu tu. Jumatano mchana Nyembo alianza kuhara.

"Mama, ingia tu mara moja," Christelle alisema, akimpangusa mtoto. "Zébédée aone, atupe maji. Minyi nakuomba."

"Mu musalani ya bwana yako?"

"Mutoto anahara, mama."

"Naona. Kesho nitaenda zangu. Nitarudia kwetu Malemba."

"Malemba kuko nani tena? Ndugu yako bote balikimbia vita."

Ilikuwa kweli. Augustine alikesha macho makavu. Alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, kumvunjia heshima mkwe wake au kumnywesha mjukuu wake maji ya mbuzi, na mtu aliyemtia kwenye mtego huo alikuwa amelala usingizi mzuri huko kwake.

Alhamisi jogoo wa kwanza alimkuta nyuma ya mihogo. Aling'oa kile kijiti, akakichomeka kiunoni chini ya kitenge, akajitwika karai la sombe, mboga ya majani ya mihogo, na kushika njia ya baze. Alikwenda huko kila wiki kuuza mboga, na kwa Bijou alipajua: nje ya uzio, kwenye vibanda ambavyo familia zisizopata nyumba zilijijengea. Alijua pia kwamba choo cha vibanda vile kiliporomoka na mvua za Machi. Nyani haoni kundule. Augustine alikuwa anakwenda kumwonyesha, mbele ya majirani zake, kwa maneno yale yale. Njia nzima aliyarudia ili sauti isije ikamkwama.

Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza alipofika. Na nani anatoka kwenye majani marefu nyuma ya vibanda, chupa ya maji mkononi, kitenge kimefungwa ovyo? Bijou mwenyewe, bila fulana ya mradi.

Augustine alitua karai, akachomoa kijiti.

Bijou aliiona ile karatasi nyekundu, akasimama. Halafu akatupa jicho upande wa mlango wake. Pale palikuwa na mzee ameketi kwenye kiti, anangoja chai. Huyo alikuwa Papa Seth, baba wa mume wake, aliyekuja kuwatembelea kutoka Kananga.

"Mama Augustine," Bijou alisema kwa sauti ya chini. "Musalani yetu ilianguka. Tuko nyumba kumi. Minyi nitafanya je?"

"Sikukuuliza."

"Usichomeke ile hapa. Minakuomba."

"Unaogopa nini? Mavi ni mavi. Njo weye ulitufundisha."

"Bokilo yangu iko pale, mama. Baba ya bwana yangu. Hawezi kuona vile, hata kusikia."

Aliyasema haraka haraka. Augustine alimwona anayasikia maneno yake mwenyewe.

"Papa Kapenda na weye," Bijou alisema mwishowe.

"Njo vile."

Mzee alikuwa amewaona. Aliinua mkono, akamsalimu mgeni kwa heshima. Swali moja tu lilitosha, hii mavi iko ya nani, na lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Augustine. Tusidanganyane, alilitamani. Aliwaza Nyembo, akawaza mgongo wa Kapenda akiondoka. Kisha akampa Bijou kijiti, chini chini, kati ya vitenge viwili ili mzee asione.

"Minyi balinikomalisha na heshima," alisema. "Mbele ya bokilo ya muntu siwezi."

Akamwitikia mzee salamu, akajitwika karai, akarudi. Njiani alijilaani kwa upole wake, na sombe hakuuza hata fungu moja.

Saa sita mchana baiskeli ya Bijou iliingia kijijini, sururu na beleshi vimefungwa nyuma. Alipitia kwanza kwa Zébédée, na haijulikani alimwambia nini, lakini yule bwana alikwenda mwenyewe kuijaza ndoo ya Christelle na kuibeba mpaka mlangoni. Pole Bijou hakusema. Alimuuliza Christelle, si Augustine, mahali gani pa kuchimba choo cha mama yake, akaonyeshwa pembe ya chini ya uwanja, mbali na pompi na mbali na njia ya Kapenda. Akavua viatu, akachimba. Mgeni hana buko na mtu kijijini, kwa hiyo mikono yake ilifaa kwa kazi ile.

"Na kesho?" Christelle alimuuliza. "Bakaguzi bakikuya?"

"Nitaandika kijiji bado haiko safi. Bataninyanganya kazi, bataniachia, sijue." Akapiga sururu tena.

Kufikia alasiri shimo lilimfika kifuani na viganja vilikuwa vimetoka malengelenge. Aliketi ukingoni akihema, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nyembo alikuwa amelala ndani, tumbo limeanza kutulia. Augustine alitoka jikoni na kikombe cha maji ya pompi, akasimama mbele yake. Bijou alinyoosha mkono.

Augustine alikirudisha kikombe kifuani.

"Nawa kwanza," alisema. "Kidole kwa kidole."

Bijou aliinuka, akaenda kwenye kibidoni akanawa, na Augustine akasimama akimhesabia mpaka kidole cha kumi.