Jibu Kwenye Shavu la Babu

Mume wangu alirudi kutoka kwa kinyozi akiwa na jibu limebandikwa shavuni. Mwenyewe hakujua. Alichojua ni kwamba wembe ulimkwaruza, kwamba shabu ya kuzuia damu ilikuwa imekwisha dukani, na kwamba kinyozi alimbandika kipande cha karatasi. Kosa lilikuwa lake. Akishakaa kwenye kile kiti hanyamazi, na wembe haumsubiri mtu amalize hadithi.

Aliyelisoma ni mjukuu wetu wa kike, aliyekuwa anachambua mchele mezani.

"Babu, hebu simama hapo hapo."

"Nimekuwa picha sasa?"

"Umeandikwa."

Akamsogelea, akaisoma ile karatasi kwa sauti: "Kumi na nne. Kwa sababu mizigo iliongezwa na posho haikuong..." Hapo ilikatika, damu ikaanzia.

Mimi nilisoma shule ya msingi tu, na katika yote niliyofundishwa kilichonikaa zaidi ni vitendawili. Vinanitoka hata mahali visipotakiwa.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega," akasema mjukuu, macho bado yako shavuni.

"Mtoto kafika nyumbani, mama yake bado anatafutwa."

"Jibu lisilo na swali. Ila Bibi, swali lake nalijua. Lilikuja kwenye mtihani: kwa nini wachukuzi waligoma."

"Ukaandika nini?"

"Niliacha wazi."

Akarudi kwenye mchele wake.

Mjukuu huyu mimi namwita mke mwenzangu, na babu yake anamwita mchumba, basi nyumba yetu haikosi kesi. Alikuwa amefaulu masomo yote isipokuwa historia, na chuo cha ualimu alichokitaka hakimpokei mtu bila historia. Baba yake, mwanangu wa kwanza, ni fundi majokofu. Alimwambia: rudia mtihani mara moja, jisomee nyumbani; ukianguka tena utakuja karakanani kupokea simu za wateja. Si mtu mkali. Lakini meza ya kupokelea simu alishainunua, na kiti chake, na kila tukienda kumsalimu kile kiti kilikuwa kinatutazama.

Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta kitabu. Tulianza na duka lenye kioo, tukaonyeshwa kitabu kizuri chenye karatasi za kuteleza, nusu yake picha za watu wanaoshikana mikono. Tukaenda kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba, yule anayetandaza turubai chini. Alivisifu vitabu vyake kwa unene kama anauza magodoro. Jirani naye akatuazima kijitabu kinachodai kujua maswali yatakayotoka. Ndicho alichosoma mjukuu mara ya kwanza, kwa hiyo tulikirudisha na asante yake.

Mimi nina kipimo changu. Nafungua kitabu katikati, nasoma ukurasa mmoja. Nikimaliza nikiwa na hamu ya kuuliza, kitabu kina mtu ndani. Nikimaliza nikiwa na usingizi, nakirudisha kwa adabu. Hakuna kilichokuwa kimepita.

Kesho yake asubuhi tukaenda kwa kinyozi watatu, babu tukimchukua kama ushahidi. Kinyozi alipotuona mlangoni akaweka wembe chini.

"Mama, ile jana ilikuwa bahati mbaya. Mzee alikuwa ananisimulia harusi yenu, akatikisa kichwa."

"Harusi yetu haikuwa na jambo la kutikisia kichwa," nikasema.

"Ulikuwa hunioni kule nilikokaa," akasema mume wangu.

Wanaume wa kwenye benchi wakacheka, wakasogea tukapata pa kukaa. Mjukuu hakukaa. Alikuwa ameshakiona. Kando ya kioo kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kuna kitabu kimening'inizwa kwa uzi. Kinyozi alikuwa na mteja mwenye povu usoni. Alipitisha wembe, akachana ukurasa, akafuta povu na nywele, akaukunjakunja akautupa kwenye ndoo. Alichana kutoka nyuma.

Kilikuwa kitabu cha kujisomea historia bila mwalimu. Vitabu vyote pale, kinyozi alituambia, viliachwa ndani ya sanduku na mpangaji wa chumba cha nyuma, mwalimu mstaafu aliyehamia kwa binti yake na gari likakosa nafasi. Vya katuni vilikwenda kwenye benchi kwa ajili ya wateja. Kimoja kinene kilizuia mlango usipigwe na upepo. Na hiki chenye karatasi laini kikawa cha kufutia wembe.

"Kwa nini unaanzia nyuma?" mjukuu akamuuliza.

"Mwanzo ndio kitabu chenyewe, dada. Siwezi kukiharibu. Nyuma huwa wanaweka matangazo tu."

Mjukuu akafungua ukurasa wa kwanza, akamsomea: "Majibu ya maswali yote yako mwisho wa kitabu."

Kinyozi akaitazama ile ndoo. Sote tukaitazama. Juu juu kulikuwa na povu na ndevu za watu. Majibu mengine yalikuwa yametupwa jalalani wiki nyingi zilizopita, na lile moja lilikuwa shavuni mwa mume wangu mpaka alipoosha uso. Maswali yalikuwa salama yote.

"Naomba nikichukue," mjukuu akasema.

"Na mimi nifutie nini? Gazeti linaacha wino kwenye shavu la mtu. Tishu inaganda."

Nikamwambia anipe mpaka saa nane. Nilirudi nyumbani, nikakata shuka lililochakaa vipande vya mraba, nikavishona pamoja upande mmoja, nikaacha kitanzi cha kuning'inizia. Nilipompelekea, kinyozi alikipekua kile kitambaa kama mtu anayetafuta sura ya kwanza. Akakitundika msumarini, akatukabidhi kitabu cha maswali. Kile kinene cha mlangoni nikakipima palepale kizingitini. Nilisoma ukurasa wa watu waliohamisha mji mzima kwa sababu ya kisima, na nilipomaliza nikataka kujua kisima cha pili nani alikichimba. Kinyozi akaweka tofali mlangoni, nasi tukaondoka nacho.

Njiani mjukuu alikuwa na uso mzito.

"Maswali bila majibu, Bibi. Nitajuaje kama nimepatia?"

"Mke mwenzangu, hicho ni kitabu cha vitendawili. Mimi nitatega. Wewe ukitegua, unanionyesha ukurasa kwenye hiki kinene. Usiponionyesha, unanipa mji."

Ndivyo tulivyofanya, jikoni, mimi nikimenya viazi na kitabu kimeegemezwa kwenye chupa ya mafuta. Kwangu alishatoa miji mingi mwanzoni. Alinipa hata mji alikozaliwa baba yake. Baadaye akawa mchoyo. Alikuwa anakimbilia ukurasa kabla sijamaliza kusoma swali, na mara nyingine ananiambia swali lenyewe limekaa vibaya. Babu yake alipita mara moja akauliza chakula kitaiva karne gani.

Lile la wachukuzi likagoma kuteguka. Kitabu kinene kilisema tu kwamba wachukuzi waligoma, wakarudi kazini baadaye. Swali lilitaka sababu, tena liliuliza kwa nini mwezi ule na si mwingine. Jibu la shavuni lilikuwa nusu.

Babu ndiye aliyekumbuka. "Kwa kinyozi kuna kitabu cha katuni cha wabeba mizigo. Sikukimaliza, zamu yangu ilifika."

Kinyozi akakataa kukitoa. "Vya picha haviondoki. Watu wakikosa vya kushika kwenye benchi wanakwenda kwa yule wa pili mwenye televisheni. Msome hapa hapa."

Tukakaa hapo hapo. Kitabu chenyewe kilikuwa mikononi mwa dereva wa lori, mtu mkubwa aliyesoma polepole huku akitikisa goti.

"Kaka, samahani, ukimaliza..."

"Dada, nimefika patamu. Msimamizi anataka kuwaongezea mizigo."

"Na posho?"

"Anacheka tu, mshenzi huyu."

"Si ndiyo maana wakagoma," akasema mzee aliyekuwa kitini, povu mdomoni.

"Walikuwa wavivu," akadakia mwingine.

"Mvivu akubebee gunia kutoka pwani? Kabebe wewe!"

Wakaanza kubishana, kinyozi akisimamisha wembe hewani kila anaposema yeye. Mjukuu hakubishana. Aliegemea bega la dereva, wakawa wanasoma wawili, na nikamwona anarudi kurasa za mwanzo, anaziendea tena za mbele.

"Bibi, angalia nyuma ya watu."

Nikaangalia. Mchoraji alikuwa amechora mashamba nyuma yao. Ukurasa wa kwanza mimea iko magotini. Mbele zaidi iko kifuani. Siku ya kugoma imekauka, imeinamisha vichwa, na hakuna mtu shambani ila mwanamke mmoja na mtoto mgongoni.

"Mavuno," mjukuu akasema. "Walitaka kwenda kuvuna."

"Mchoraji amejuaje?" nikamuuliza. "Labda amependa tu kuchora majani."

Mjukuu alirudi nyumbani karibu anakimbia. Alipekua kile kinene mpaka akafika sura ya kilimo, mbali kabisa na sura ya wachukuzi, na mle kulikuwa na mstari mmoja: mwaka ule mazao mengi yaliozea shambani, kwa kuwa wanaume walikuwa njiani na mizigo. Akaniwekea kidole pale. Nikamrudishia mji mmoja.

Mtihani ulipokuja alikwenda na kalamu mbili na chupa ya maji. Alirudi mchana, akavua viatu, akakaa mlangoni.

"Lilikuja," akasema.

"La wachukuzi?"

"Si lile lile. Safari hii walitupatia sababu, wakauliza kwa nini waajiri hawakuiona mapema."

"Ukaacha wazi?"

"Niliomba karatasi ya ziada."

Matokeo yalipotoka alikuwa amepata C, na chuo kikampokea. Baba yake alileta soda, akampa mkono kama mtu mzima mwenzake. Simu za karakana anapokea mwenyewe mpaka leo, na kile kiti anasema kinamuumiza mgongo.

Kitabu kinene tulimrudishia kinyozi. Hakikwenda tena mlangoni. Kiko kwenye benchi pamoja na vya katuni, na dereva wa lori amekwama kwenye sura ya kisima.

Siku ile ya soda mume wangu alimaliza chupa yake. Kisha akajipapasa shavu.

"Mchumba, hiyo C yako ni nzuri. Ila huko chuoni wakikuuliza umeipataje, usisahau kusema kuna mzee alimwaga damu."

"Ungenyamaza kitini usingeimwaga," nikamwambia.

"Ningenyamaza," akasema, "angekuwa anapokea simu."

Nikampa mji.