Witness na Mteremko

Kupanda mlima hakukuwahi kumsumbua Witness. Alizaliwa Ileje, kwenye milima ya Wandali, ambako mtoto akitumwa chumvi hupanda kwanza ndipo alione duka. Alipoolewa Tunduma alikuwa tayari bingwa wa mbio za milimani, na madereva waliokwama kwenye foleni ya malori mpakani walimzoea: mwanamke mwembamba, mkimya, akiwapita alfajiri kana kwamba kuna mtu anayemfukuza.

Kisha akaanguka. Alikuwa anaongoza, anashuka kwa kasi, jiwe likageuka chini ya mguu wake. Kifundo kikavunjika. Mfupa uliunga, lakini woga ulibaki. Kila alipofika kwenye mteremko, miguu iligeuka mizito yenyewe.

"Umeshatamba vya kutosha, mama Leah," mumewe Anania alimwambia. "Ukipumzika sasa, nani atakucheka?"

"Hakuna. Ila mimi mwenyewe sitakaa nikatulia."

Wakati akiuguza mguu, ubingwa ulichukuliwa na Fauzia, binti wa mfanyabiashara wa vipuri hapo hapo Tunduma. Kupanda alipanda kwa shida, lakini kushuka alishuka kama maji. Witness alijizungusha siku kadhaa, akameza kiburi, akaenda kubisha hodi kwao.

"Nifundishe kushuka."

Fauzia alimkodolea macho. "Nikufundishe, dada, halafu uje unipige?"

"Ndiyo. Na mimi nitakufundisha kupanda. Tuone nani atampiga mwenzake."

Binti akacheka hadi akashika mlango. Alikubali.

Wakawa wanakwenda Ileje pamoja. Fauzia alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote. "Usiangalie mguu! Angalia unakokwenda!" alifoka. "Unajizuia nini? Acha mwili uende!" Witness alianguka, akachubuka magoti, akarudi juu, akaanza upya. Jioni moja aligundua amefika bondeni bila kukumbuka kuogopa. Alikaa kwenye majani akalia, na Fauzia akajifanya anafunga kamba za viatu.

Siku ya mashindano yalinyesha manyunyu. Witness alitegemea kumwacha Fauzia kwenye kupanda kama zamani, lakini kila alipogeuka alimkuta nyuma yake, anahema vilevile alivyofundishwa. Walifika kileleni bega kwa bega. Mteremko ulipoanza tu, Fauzia akachomoka.

Njia ilikuwa matope. Witness aliona mgongo wa mwenzake ukizidi kuwa mdogo, na ule uzito wa zamani ukaanza kumpanda miguuni. "Twende," alijiambia kwa sauti. Akainua macho, akaacha mwili uende. Aliteleza mara mbili, akashika kichaka, hakusimama. Penye uwanja wa shule, mbele ya utepe, alimpita Fauzia kwa upana wa kifua.

Fauzia hakutoa mkono. Aliondoka amenuna, na wiki nzima hakupokea simu. Kisha asubuhi moja akatokea mlangoni kwa Anania na viatu begani.

"Amka, dada. Bado sijajua kupanda vizuri."

Witness aliutetea ubingwa ule misimu miwili zaidi. Msimu wa tatu Fauzia alimwacha kwenye kupanda, mahali ambapo hakuna mwanamke aliyewahi kumwacha. Witness alimaliza wa pili, matope hadi kiunoni, akiwa amekimbia kwa nguvu zote alizokuwa nazo.