Dakika Mbili Juu ya Chujio

Jumamosi moja, saa kumi alasiri, Mama Mizani alipindua kopo la jodari juu ya chujio, akaweka bakuli chini yake, akatazama saa ya ukutani. Dakika mbili. Si moja na nusu, wala si "karibu mbili". Sandwichi ya samaki na jibini huharibiwa na kitu kimoja tu, nacho ni maji. Samaki asipochujwa vizuri mkate hulowa kutoka ndani, na hata uuchome vipi utakula uji uliovaa koti. Hilo alilijua jikoni kabla ya kulijua kazini. Kazini alikuja kulijua zaidi, maana kwa miaka kumi na minne kiwanda cha samaki wa makopo kilimlipa kwa hilo hilo: achukue kopo moja katika kila mia, alifungue, alipindue juu ya chujio dakika mbili, kisha ampime samaki aliyebaki. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika kwa wote isipokuwa baba yake, na yeye alimwita mwanangu tu.

Hiyo ilikuwa wiki ya tatu tangu kiwanda kimpe likizo ya kupumzisha macho. Macho yake hayakuwa yamechoka. Shule moja ya bweni ilikuwa imelalamika kwamba makopo yana maji mengi na samaki kidogo. Kopo linasema gramu mia na ishirini, samaki hafiki hata tisini. Mama Mizani alikuwa ameyasema hayo miezi mitano kabla, kwa mdomo kwanza, kisha kwa maandishi. Akajibiwa kwamba tangu siku hiyo apime kopo na maji yake. Akakataa. Makopo yakaenda hivyo hivyo, na malalamiko yalipokuja kikatafutwa kichwa cha kutwishwa zigo, kikapatikana kilichokuwa karibu na mizani.

Dakika mbili zikaisha. Maji yakaendelea kutoka.

Bakuli lilipojaa alilimwaga kwenye sinki, akalirudisha. Likajaa tena. Akaweka sufuria, kisha ndoo, na alipomaliza kukatakata kitunguu, vipande vidogo vidogo kama anavyopenda, ndoo ilikuwa imefurika na maji yameshapita chini ya mlango kwenda sebuleni. Alikunja gauni, akalifunga fundo juu ya magoti, akamenya limau.

Baba yake alikuwa sebuleni anasikiliza redio. Mzee huyu alikuwa fundi bomba miaka arobaini kabla ya kustaafu. Aliinua mguu mmoja, akainua wa pili, akaipandisha redio juu ya kabati, akaja jikoni. Alichovya kidole kwenye maji, akakilamba.

"Haya si ya bomba," alisema. "Yana chumvi."

"Ni ya kopo, baba."

"Kopo moja tu?"

"Moja. Nadhani linatoa na ya wenzake."

Mzee aliitikia kwa kichwa kama fundi anavyomkubalia fundi mwenzake. Hata hivyo alikwenda kukagua koki, maana mazoea hayastaafu, akaikuta kavu, akarudi kwenye kiti chake na kukaa miguu ikiwa majini.

Samaki aliyebaki kwenye chujio alijaa kiganja kimoja, tena kiganja cha mtu mchoyo. Zamani kopo moja lilitoa sandwichi mbili nene. Mama Mizani alimchambua kwa uma, akatia kitunguu, pilipili manga, matone machache ya limau na kijiko kimoja cha mayonezi, kimoja tu, kwa sababu watu huzidisha mayonezi wakidhani wanaficha uchache wa samaki. Alipaka siagi upande wa nje wa slesi za mkate. Kwenye kikaango alilaza slesi moja, siagi ikiwa chini, akanyunyiza jibini iliyokwaruzwa, akapanga samaki, akanyunyiza jibini tena ili vyote vishikane, akafunika kwa slesi ya pili. Moto ulikuwa mdogo. Jiko lilikuwa juu ya meza, kwa hiyo maji, ambayo sasa yalikaribia magoti, hayakulisumbua.

Hodi ilipopigwa walijua ni nani. Alikuwa mume wa dada yake mdogo, msimamizi wa zamu pale pale kiwandani. Alisukuma mlango kwa bega kwa sababu maji yalikuwa yanaubana, akavua viatu, akakunja suruali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, lakini uangalie unapokanyaga."

Shemeji aliingia na viatu mkononi, akakaa kwenye kiti kando ya meza ya jikoni, akaweka bahasha mahali pakavu. Alileta salamu za dada, akaeleza mtoto wa mwisho ameota meno mangapi. Kuhusu maji hakutia neno. Alikuwa mtu aliyepandishwa cheo kwa kutokuyaona.

Ndani ya bahasha mlikuwa na ukurasa mmoja. Ulisema kwamba Mama Mizani, kwa ubovu wa macho, alisoma mizani vibaya na kuruhusu makopo mepesi yapite. Akisaini, Jumatatu angerudi kazini, upande wa kubandika lebo. Asiposaini, Jumatatu hiyo hiyo ingekuja barua nyingine. Shemeji aliyaeleza yote haya kwa upole mwingi, akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Ni karatasi tu, shemeji," alimaliza. "Weka sahihi, yaishe."

Mama Mizani aliigeuza sandwichi. Upande wa juu ulitoka na rangi ya dhahabu, pembe zimekauka, jibini inachungulia pembeni. Aliitaka kazi yake. Asije mtu akasema hakuitaka. Aliwataka wenzake, kelele za mashine, na chai ya saa nne inayonywewa haraka haraka. Dawa za presha za mzee zilitoka kwenye kazi hiyo. Lakini alikuwa na hasira ya wiki tatu kifuani, na hasira hiyo ilikuwa inaona vizuri sana.

Alichukua kopo la pili kutoka kabatini, akamsukumia.

"Macho yangu si mabovu? Hebu nisomee wewe hapa ubavuni."

Shemeji alisoma. "Samaki baada ya kuchujwa, gramu mia na ishirini."

Mama Mizani alilifungua, akalipindua juu ya chujio, na wote watatu wakatazama saa ya ukutani, mzee akiwa amesimama mlangoni. Zilikuwa dakika mbili ndefu. Maji yalipanda mpaka kwenye kikalio cha kiti, na shemeji alisogeza bahasha kidogo bila kuitazama. Zilipoisha, Mama Mizani alimtia samaki kwenye mizani ya jikoni.

"Na mshale nisomee."

"Shemeji, mimi nina watoto."

"Watoto wako ni wanangu, na kila mwaka mpya wa shule sare zao nazishona mimi. Nisomee mshale."

Shemeji aliinama mpaka pua ikakaribia mizani.

"Themanini na nane," alisema, kwa sauti yake ya kila siku. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akaiweka juu ya karatasi.

Hapo Mama Mizani alielewa kwamba hakuna aliyekuwa na tatizo la kuona. Alizima jiko, akaikata sandwichi kona kwa kona, nusu akampa baba yake na nusu akampa mgeni, kwa sababu mgeni ni mgeni. Shemeji aliuma. Mkate ukavunjika kwa mlio uliosikika chumba kizima. Alitafuna, akatazama ukuta uliolowa, akatazama suruali yake, akauliza imewezekanaje sandwichi kuwa kavu namna hii katika nyumba kama hii.

"Siri ni kuchuja dakika mbili," alisema Mama Mizani. "Miaka kumi na minne nimekaa pale na hukuwahi kuniuliza."

Alimrudishia kalamu.

"Macho yangu ni mazima. Kawaambie nimekataa, na uwaambie nimekataa nikiwa naona."

Shemeji alimaliza kula, maana sandwichi ilikuwa tamu, akaaga. Mlangoni mzee alimshika bega.

"Mimi nimeziba mabomba miaka arobaini, mkwe wangu. Hili linalovuja haliko humu ndani."

"Najua, mzee," alisema shemeji, akaondoka na viatu mkononi.

Jumatatu barua ililetwa na tarishi wa kiwanda. Alikuwa amevaa buti za mpira, mpya kabisa, na hivyo ilijulikana kwamba habari za maji zimefika ofisini na zimeshughulikiwa. Barua ilimwachisha kazi kwa sababu ya macho. Shule nayo iliandikiwa kwamba mhusika ameondolewa, ikaridhika, ikaagiza makopo mengine. Yalipelekwa yakiwa na maji yale yale.

Mama Mizani aliitoa mizani yake jikoni, akaiweka kwenye dirisha linaloelekea mtaani, pamoja na chujio na saa. Tangu hapo anashonea watu nguo siku za kazi, na Jumamosi alasiri yeyote mwenye kopo analeta. Analipindua juu ya chujio, wanasubiri pamoja, mwenye kopo anasoma mshale kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sauti, kisha anachomewa sandwichi yake, nyembamba na kavu. Maji yameteremka ngazi na kukaa mtaani. Watu wamezoea, wamepandisha vizingiti, wanakunja suruali wakifika kona. Malori ya kiwanda hupita humo humo kila siku, yakipunguza mwendo kidogo tu.

Jumamosi iliyopita lori moja lilisimama. Dereva alitoa kichwa dirishani, akalalamika kwamba chumvi inamlia breki, akauliza mambo haya yataisha lini.

Mama Mizani aliinua kidole kumtaka asubiri, kwa sababu kopo la jirani lilikuwa limebakiza nusu dakika. Nusu dakika ilipokwisha, jirani alisoma mshale: themanini na saba.

"Wewe umebeba mangapi?" Mama Mizani alimwuliza dereva.

"Elfu sita."

"Basi nipe moja."

Dereva alitazama mbele, akatazama nyuma. Kisha alishuka mpaka maji yakamfika magotini, akafungua mlango wa mzigo, akachomoa kopo moja, akampa mkononi. Hakungoja kusoma mshale. Aliwasha lori akaenda, maana shule ilikuwa inasubiri makopo yake.

Mama Mizani alilifungua, akalipindua juu ya chujio, akatazama saa.