Sorry ya Fanuel

Kaka yangu Fanuel alifungwa kwa sababu ya neno moja la Kiingereza, na mpaka leo mwanafunzi akilitamka darasani damu yangu inachemka.

Alikuwa msimamizi wa vibarua waliochimba mashimo ya kutafuta madini huko Kishushe. Mwaka wa 1968 shimo moja liliporomoka likamfunika Noah, rafiki yake tangu utotoni. Walipomtoa alikuwa ameshakata roho. Mke wa Noah, Tryphena, alikuja mbio kutoka shambani, udongo ungali mikononi. Fanuel akamwambia, "Sorry." Mzungu mwenye kampuni alikuwa kando yao.

Kwetu sisi tuliosomeshwa na misheni, sorry ilikuwa pole tu. Mtu akijikwaa, sorry. Akifiwa, sorry. Lakini kortini mzungu yule aliapa kwamba msimamizi wake alikiri kosa mbele ya maiti. Mkalimani, bwana mmoja wa tai na haraka nyingi, akamfasiria Tryphena kwamba siku ile Fanuel alikuwa akimwomba msamaha. Mama wa watu akaangua kilio. Nani huomba msamaha kama hana hatia? Magogo ya kuzuia udongo, ambayo mzungu alikataa kuyanunua, hayakutajwa tena. Hakimu akamfunga kaka yangu kwa uzembe.

Alitoka gerezani amekonda, na Tryphena akimwona njiani anageuza uso. Hilo lilimuumiza kuliko kifungo. Nikafungua kamusi kubwa ya shule yetu pale Voi, nikasoma asili ya neno lile. Waingereza wa kale walilitoa kwenye neno lao la maumivu, la kidonda. Mwenye sorry alikuwa mtu anayeumia, si mtu mwenye kosa. Nililia mbele ya wanafunzi, kisha nikatafuta lori la kunipeleka Kishushe.

Tryphena alinipa kiti na uji, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza kwamba Fanuel alikuwa akimpa pole, na kwamba siku ile naye aliumia.

"Nimekuamini, mwalimu," alisema. "Hakumuua Noah. Lakini mimi na yeye tumekua pamoja, tunaongea lugha yetu, Kidawida. Mbona pole yangu aliisema kwa Kiingereza?"

Nikamwambia mzungu alikuwa amesimama pale.

"Na mimi nilikuwa nimesimama wapi?"