Sufuria ya Zuhura Hairudi Tupu

Leodgar alikuwa na pua. Si kwamba wengine hawana, lakini yake ilikuwa ya kazi. Chuo kilichoko Bagamoyo, njia ya Makurunge, kilimwajiri awe Afisa Maadili na Ushirikishwaji wa Wanafunzi wa Mabwenini, cheo kirefu kiasi kwamba ukianza kukitamka umebandika chai, ukimaliza imechemka. Maadili aliyasimamia kwa pua hiyo. Ushirikishwaji ndio uliomshinda. Kila Jumamosi alasiri aliitisha Baraza la Mshikamano, akapanga viti, akafunga spika, akavaa tai. Waliohudhuria wakawa yeye, spika, na paka wa bweni la wasichana. Na paka mwenyewe alifuata kivuli.

Basi mtu hushika anachokiweza. Leodgar akashika masufuria.

Kupika vyumbani ni marufuku, na marufuku hiyo ilikuwa na akili yake. Nyaya za mabweni yale zilikuwa kongwe, na jiko la umeme likisahauliwa karibu na godoro, msiba haupigi hodi. Hilo hapana aliyebisha. Ila kantini nayo ilikuwa na vituko vyake: maharage ya pale kila moja liliogelea peke yake, halina wa kumwamkia. Kwa hiyo wasichana walipika, na Leodgar alinusa. Alipita koridoni pua mbele, mwenyewe nyuma, akasimama mlangoni hasa penye kitunguu. Wakambandika jina, Mzee Pua. Alilijua, na wala halikumuudhi sana.

Kanuni ilisema kifaa kikikamatwa kihifadhiwe, na chakula kiharibiwe. Haikusema kiharibiwe vipi. Leodgar, mzaliwa wa Mahenge, aliyelelewa kwa ugali na majani ya maboga, alikuwa hajajua nazi inaweza kumfanyia nini mwanadamu mpaka alipokuja pwani. Akapata njia yake. Chakula alikiharibu nyumbani, kwa kijiko.

Mkewe Marselina alimwuliza siku ya kwanza, "Baba Tarcis, hii sufuria imetoka wapi?"

Hapo Leodgar angesema kweli, mambo yangekwisha. Lakini mwanamume gani atamwambia mkewe, nimemnyang'anya mtoto wa watu kitoweo?

"Nimeletewa na wanafunzi," akasema, macho juu ya paa. "Wananiheshimu sana."

Marselina akaamini, maana alitaka kuamini. Masufuria yakaja, yakaliwa, yakaoshwa, yakapangwa ukutani. Mpaka siku jirani yake Mwanahija alipoingia kuomba moto.

"Shoga, kuna arusi hapa? Mbona vyombo vya watu vimejazana?"

"Wanafunzi wanamletea mume wangu chakula."

"Na vinarudi lini?"

"Anasema atavirudisha."

"Vitupu?"

"Kwani virudi na nini?"

Mwanahija akaketi kabla hajakaribishwa. "Yarabi! Mama Tarcis, chombo cha mtu hakirudi kitupu huku kwetu. Ukirudisha kitupu umemwambia mwenzio, chako hakikutupendeza na kwetu hamna kitu. Hata ndimu. Hata chumvi ya kufunga kwenye karatasi! Watoto wa watu watatuonaje?"

Uso ukamshuka Marselina. Muda wote huo wanakula cha watu, nao wanaonekana washenzi! Akala yamini kwamba sufuria itakayofuata haitarudi kwa mwenyewe bila shukrani.

Iliyofuata ikawa ya Zuhura.

Zuhura alikuwa mtoto wa Msata. Baba yake alimruhusu kusoma kwa sharti moja tu, alale bwenini chini ya macho ya wakubwa. Akifukuzwa bwenini, anarudi nyumbani, na kusoma ndiyo basi. Leodgar alilijua hilo, kwani Zuhura mwenyewe alimwambia siku alipokamatwa na changu wa kupaka kutoka Mbegani, nazi ikitokota.

"Chukua jiko, mzee wangu. Chukua na samaki. Kitanda niachie."

"Sheria haina samaki," Leodgar akajibu, mate yamemjaa. Alikuwa anataka mfano wa kuwaonya wengine, na Zuhura ndiye aliyekuwa karibu.

Kamati ya nidhamu ikakaa siku ya pili yake. Mwenyekiti alikuwa Daktari Ezmina, binti wa Mzee Fidahussein mwenye duka la vitambaa mjini, mwanamke asiyeinua sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji. Pembeni yake alikaa Mrisho, mwakilishi wa wanafunzi, kijana mwenye ulimi wa kiberiti. Leodgar akasimama na tai yake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mtuhumiwa amedhihirisha mwenendo unaokinzana na tunu za makazi shirikishi. Naomba aondolewe bwenini leo hii."

"Umepika, Zuhura?" Ezmina akauliza.

"Nimepika, Daktari."

"Bwana Leodgar, jiko naliona mezani. Sufuria iko wapi?"

"Imehifadhiwa mahali salama."

"Salama kwa nani?" Mrisho akadakia.

"Na chakula?"

"Kiliharibiwa, Mwenyekiti, kwa mujibu wa kanuni. Nilisimamia mwenyewe."

"Hodi!"

Leodgar aliijua sauti ile. Aliisikia kila asubuhi ikimwita anywe chai. Akatamani sakafu ipasuke, lakini sakafu za serikali hazipasuki unapozihitaji.

Marselina aliingia amevaa doti mpya, sufuria kichwani imefunikwa kawa, Mwanahija nyuma yake kama somo anayepeleka mwali. Walikuwa wamekwenda bwenini kumtafuta mwenye sufuria, maana chini yake palikuwa na jina kwa rangi ya kucha, kama wanawake wanavyotia alama vyombo visipotee shughulini. Na wasichana, ambao neema kama ile haikuwahi kuwashukia, waliwaelekeza mpaka mlangoni. Sasa wamejaa dirishani.

"Samahanini wakubwa, sikai. Zuhura ni yupi?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Mungu akuzidishie. Yule changu uliyemletea Baba Tarcis, amemla mpaka kalamba kifuniko! Kaniambia, Marselina, tangu nikuoe sijala hivi. Mimi nikanyamaza, nifanyeje, ni kweli." Akaitua sufuria mezani, mbele ya Mwenyekiti. "Ya nazi siyawezi. Nimekuletea makande. Na wenzio waambie wasinione mchoyo, masufuria yao yapo, nitayajaza moja moja."

Dirishani palilipuka. Mrisho alijifunika uso kwa mikono miwili. Leodgar akaikazia macho tai yake kana kwamba ndiyo iliyomla samaki.

Ezmina alifunua kawa. Akanusa. Akafunika.

"Bwana Leodgar, ndivyo ulivyokiharibu?"

"Mwenyekiti... kanuni haikufafanua."

"Ni kweli, haikufafanua." Akamgeukia Zuhura. "Jiko hulipati, na ukipika tena chumbani nitakutoa mimi mwenyewe, maana moto hauchagui. Kitanda chako kipo. Ushahidi ameula mshitaki." Kisha, kwa sauti ileile: "Na masufuria yote yarudi. Mimi nimezaliwa Bagamoyo, bwana. Unajua yanavyorudi."

Marselina alikuwa anamtazama mumewe, mambo yakimwingia pole pole kama maji kwenye kiatu. "Ulisema wamekuletea."

Macho ya Leodgar yakapanda tena juu, kwenye paa.

"Haya. Aliyekula ndiye atakayejaza."

Jumamosi iliyofuata, uwanjani nyuma ya mabweni, mbali na godoro la mtu yeyote, Afisa Maadili na Ushirikishwaji alikalia mbuzi anakuna nazi, tai kaitupia mgongoni, vidole vimechubuka. Mwanahija alimsimamia kama askari jela. Masufuria yalipangwa kwa majina, na kila mwenye lake alikuja na shoga zake, na shoga wakaja na wengine, mpaka viti vya Baraza la Mshikamano vikaisha na watu wakakaa chini.

Zuhura alichovya kidole kwenye tui, akaonja.

"Jepesi hili, Mzee Pua. Kuna tena."

Akakuna tena. Jioni akaandika taarifa kwenda makao makuu: mahudhurio yamevunja rekodi, kufuatia mkakati wake mpya alioubuni mwenyewe. Wakampongeza, wakampa cheti, na Marselina akakitundika jikoni, juu ya ile mbuzi.