Viti Kumi na Viwili Uani

Marie-Jeanne alikuwa na viti kumi na viwili vya ngozi nyeupe kutoka Dubai, na vyote vilikuwa bado ndani ya nailoni ya kiwandani. Mgeni akikaa, nailoni inalia chini yake. Katikati ya sebule kulikuwa na meza ya kioo ambayo hakuna aliyethubutu kuiwekea kikombe, na juu taa ya neon iliyomfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Ilikuwa mwaka 2001, waasi wanatawala, vita vimekata nchi vipande vipande, lakini meza za kioo zilifika Butembo bila mkwaruzo.

Mume wake, Maliro, alikuwa mfanyabiashara wa vitenge mwenye ghala Beni. Tangu Pasaka ghala hilo lilikuwa likimlaza huko siku nne kwa wiki. Mtaa mzima wa Mususa ulijua kwamba ghala linaitwa Gaëlle. Marie-Jeanne alijua wa mwisho, na aliumia vibaya. Alimtaka mumewe arudi nyumbani, yeye mwenyewe na mkoromo wake.

Basi akamwita Élise, mke wa ofisa mmoja kutoka Kisangani. Élise alikuwa na gazeti moja la Kifaransa la mapambo ya nyumba, lisilo na jalada, na kwa gazeti hilo alijifanya profesa.

“Salon yako iko froid, iko baridi, mama Marie-Jeanne,” alisema, akipapasa nailoni kwa kidole kimoja. “Mwanaume anaingia, anazani iko ku bureau ya visa. Inakosa chaleur. Inakosa romance.”

“Donc nifanye nini?”

“Toa biti byote inje. Bakisha kanape moja tu, ya batu babili. Zima neon. Weka mapazia meupe, maua, na mishumaa mingi. Mingi, mama!”

Jumamosi Maliro alituma habari kwa redio ya phonie: anatoka Beni saa sita, analeta samaki, tilapia wa ziwani Kyavinyonge. Marie-Jeanne akafunga kibwebwe. Kufikia saa nane viti kumi na viwili vilikuwa vimepangwa uani, mapazia meupe yameshushwa, maua meupe yamejaa kila kona, na mishumaa arobaini ya parokia inawaka mchana kweupe. Alisimama akaitazama kazi yake, moyo ukimdunda kama wa msichana.

Sasa, mtu yeyote aliyezaliwa Butembo anajua kwamba viti havitoki nje kuota jua. Vinatoka nyumba ikipatwa na msiba, ili waombolezaji wakae, na ndani ibaki nafasi ya jeneza. Na mwenye nyumba hii alikuwa njiani kutoka Beni, njia ambayo mwezi ule watu wenye bunduki walikuwa wamesimamisha magari mawili. Tamar, kiongozi wa shirika la kanisani la Marie-Jeanne, alikuwa anapita na ndoo ya maji. Aliona viti, akaona mishumaa, ndoo ikamtoka mkononi.

“Yoo! Maliro! Bamemuua mu njia!”

Muda si muda akina mama wa shirika walikuwa uani na mikeka, kuni na maharage, wanalia kwa sauti. Marie-Jeanne akatoka na kiberiti mkononi, ndani ya gauni jipya, akakuta wanawake thelathini wanamlilia mume wake. Je, aliuliza? Hakuuliza. Alijua tu kwamba wenzake wamesikia jambo na yeye anaambiwa wa mwisho, kama kawaida. Akaanguka chini.

“Maliro, tata wee!” alilia, akijigaragaza na gauni lake jipya. “Afazali ungebakia kwa Gaëlle! Afazali kwa Gaëlle, mais ukiwa muzima!”

Mtu mmoja akakimbilia phonie kuwajulisha watu wa Beni.

Saa kumi Maliro akafika, mavumbi hadi kwenye nyusi, samaki mkononi. Akaviona viti nje. Alidhani aliyekufa ni mama yake.

“Nani amekufa?” aliuliza kwa sauti ndogo.

Tamar, machozi hayajakauka bado, alimjibu ukweli wa Mungu: “Weye.”

Wengine wakapiga mayowe, wengine wakaruka ua. Marie-Jeanne aliinuka na udongo kichwani, akamzaba mumewe kofi, kisha akamkumbatia asimwachie. Hakuna aliyeondoka, kwa sababu moto ulikuwa umeshawaka na maharage yako jikoni. Watu walikalia viti vya Dubai hadi nailoni ikachanika yote, wakala tilapia kwa mikono. Ndani, mishumaa ya mahaba iliwaka peke yake mpaka ikaisha.

Jumatatu Maliro alikwenda Beni kumwambia Gaëlle kwamba yuko hai. Alikuta nyumba tupu. Huko pia viti vilikuwa vimetolewa nje Jumamosi ileile, mara tu habari ilipofika, vikapandishwa moja kwa moja kwenye lori pamoja na kitanda. Gaëlle hakuuliza hata maziko ni saa ngapi.

Tangu hapo Maliro analala nyumbani. Élise anatangaza mtaa mzima kwamba ni mishumaa yake, na Marie-Jeanne anamwacha aseme. Lakini Ijumaa, akimwona mumewe anapapasa mifuko kutafuta funguo za gari, anainuka. Anachukua kiti kimoja, anakitoa uani. Maliro anarudisha funguo mezani haraka, kabla Tamar hajapita.